Dawa ya Barafu, Kinindo

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba maji yanaweza kuganda hapa Bujumbura alikuwa amevaa koti na tai, na jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka kwenye kola. Ni huyo huyo aliyekuja kuniambia baadaye kwamba haiwezekani. Nalisema hili mapema, kwa sababu watu wakisikia habari yangu hukimbilia kumwonea huruma: masikini, hakujua. Alijua. Alijua kuliko sisi sote, maana ndiye aliyetufundisha.

Nilikuwa kwenye kituo cha uzazi huko Kinindo. Mwanangu alikuwa ametoka kabla ya wakati wake, mdogo hivi kwamba nguo zote nilizomshonea zilionekana kama za mtoto wa jirani. Ngozi yake ilikuwa nyembamba, na uso wake ulikunjamana kama wa mzee aliyeamshwa bila sababu. Muuguzi mkuu, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi, aliniuliza, "Kwenu ni wapi?"

"Buterere."

"Nyumba ni kavu?"

Nikacheka. Ilikuwa msimu wa mvua. Kwetu Buterere mvua ikianza, maji ya mashamba ya mpunga yanaingia ndani bila hodi, unapanda kitandani na viatu vyako na sufuria yako, unasubiri. Muuguzi hakucheka. Alisema, "Basi hutoki hapa mpaka huyu mutoto anenepe. Ukimupeleka kwenye baridi ya maji, utanirudishia maiti." Ndivyo alivyosema, neno kwa neno, na mimi nilimpenda tangu siku hiyo kwa sababu hakunizunguka.

Chumba cha watoto kama wangu walikiita chumba cha kuvezi. Kuvezi zenyewe, yale masanduku ya kioo ya kupashia watoto joto, zilikuwa mbili, zote zimekufa zamani, zimesukumwa pembeni na kufunikwa shuka kama marehemu wanaosubiri jamaa. Badala yake chumba kizima kilipashwa joto. Chini ya saruji kulipita mabomba ya maji ya moto, ukivua kandambili unasikia vuguvugu kwenye nyayo, na sisi akina mama tulikaa mle na watoto wetu kifuani, ngozi kwa ngozi, tumefungwa vitenge. Ulipotaka kwenda kula au kujimwagia maji, ulimlaza mtoto kwenye kitanda chake kidogo na ile hewa ya chumba ikakushikia zamu. Hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho. Muuguzi alinifanya nielewe vizuri: mtoto wa namna ile hana mafuta mwilini, akipoa anatumia nguvu zote kujipasha, hanyonyi tena, na asiponyonya mambo yamekwisha.

Joto lile lilitoka kwenye mashine. Ilikaa kwenye kijumba nyuma ya chumba chetu, na tuliruhusiwa kuanika nepi mle ndani kwa sababu palikuwa pakavu. Na hapo ndipo anapoingia bwana mwenye tai.

Yeye alikuwa msimamizi wa kituo, jestionere, kama wote walivyomwita. Alikuwa na ugonjwa wa kueleza. Akikuta wanawake wawili wamekaa, anaanza kueleza. Siku moja alitukuta kwenye kijumba, mimi na mwenzangu wa kitanda cha jirani, mke wa mwalimu wa chuo kikuu kutoka Mutanga Sud, mwanamke mcheshi aliyejifungua mapacha na kubaki na mmoja. Tulikuwa tunaanika nepi. Jestionere akasimama mlangoni, akajiweka sawa.

"Banamama, munajua hii ni nini?"

"Ni mashine," mwenzangu akasema.

"Voilà! Lakini ni mashine gani?" Akatuambia. Kwamba nje, chini ya ule uwanja wa majani, mabomba ya plastiki yamelazwa kwenye ardhi, yanaenda na kurudi. Ndani yake kuna maji yanayozunguka. Yanapita ardhini yakichukua joto la ardhi, yanarudi kwenye mashine, mashine inayanyang'anya joto lile, inalitia kwenye maji mengine, yale yanayopita chini ya miguu yetu. Hakuna mkaa, hakuna moshi. Wazungu wa mradi wameileta. Hapa Burundi nzima, alisema, labda ni yetu tu. Alisema "yetu" akijishika kifua.

Mimi nimesoma sekondari, nikamaliza. Nikamuuliza, "Sasa yale maji yakishanyang'anywa joto, yanabaki vipi?"

Alifurahi kama mtu aliyekuwa anangoja swali hilo tangu azaliwe. "Ah! Mama huyu ni intelijenti! Yanabaki baridi. Na pale ndani, kwenye tumbo la mashine, pale inapoyanyonya, ni baridi kuliko frigo. Yanaweza kuganda. Yakiganda yanavimba, yanapasua chuma. Kwisha mashine. Ndiyo maana ndani tunatia dawa." Akatuonyesha bido za plastiki zilizopangwa ukutani, zimejaa kitu cha buluu kama sabuni ya vyoo. "Dawa ya barafu. Unachanganya na maji, hayagandi."

"Kuganda, Buja?" mwenzangu akauliza, akijipepea kwa nepi.

"Banamama, si hewa ya Buja inayogandisha. Ni tumbo la mashine." Hayo ni maneno yake. Nimeyashika kama nilivyoshika sala.

Kisha akatoa kifaa kwenye mfuko, kifupi, kinene kama tochi ya kalamu. Upande mmoja kina kioo bapa chenye kifuniko, upande mwingine tundu la kuchungulia. Akafungua kibomba kidogo ubavuni mwa mashine, akachukua tone, akalidondosha kwenye kioo, akafunika, akakielekeza dirishani penye mwanga, akachungulia jicho moja limefungwa na mdomo umekwenda upande. "Kumi na tano chini ya sifuri! Tumelindwa!" Akatupa na sisi tuangalie.

Mwenzangu alichungulia akasema, "Mi naona buluu juu, nyeupe chini. Hii bendera ni ya nchi gani?"

Mimi niliuona mstari. Buluu inapokutana na nyeupe, unasoma namba iliyo pembeni, basi. Mtoto wa darasa la nne angesoma. Maji matupu yanasoma sifuri, dawa ikizidi mstari unashuka. Alituambia anapima kila mwanzo wa mwezi, ndivyo Wazungu walivyoamuru, na kwamba kazi hiyo inataka "ustadi". Ustadi wa kufumba jicho moja.

Nilimdharau kidogo, sikatai, lakini nilimwamini. Nilirudi kwa mwanangu nikamwambia sikioni, "Tumelindwa, baba."

Mwezi ukapinduka. Asubuhi moja nilikwenda kuanua nepi nikamkuta jestionere kwenye kijumba, koti limetundikwa msumarini. Alikuwa na mpira wa maji wa kumwagilia maua, amevuta kutoka kwenye bomba la uani, anautia kwenye kitungi cha mashine kile cha kujazia. Sauti ya maji ilikuwa nzuri, gulu gulu gulu. Nikaangalia ukutani. Hapakuwa na bido hata moja.

"Habari ya asubuhi, bwana jestionere."

"Nzuri, mama, nzuri. Ilikuwa na kiu kidogo," akasema, akiipigapiga mashine mgongoni kama ng'ombe.

Nikaanua nepi zangu. Nilidhani bido zimewekwa stoo. Huo ndio ujinga wetu, tukiona kitu kinatoweka tunakitafutia sababu nzuri wenyewe, kabla mwizi hajachoka kutafuta ya kwake.

Siku ile ile mume wangu alikuja kunitembelea. Yeye ni fundi wa magari Buyenzi, mikono yake haitoki oili hata aoge vipi. Aliniletea bugali na ndagala kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa, tukakaa kwenye ngazi, mtoto yuko kifuani kwangu. Gari la jestionere lilikuwa limeegeshwa chini ya kivuli.

"Hii gari naijua," mume wangu akasema, mdomo umejaa.

"Ni ya msimamizi."

"Ni yeye! Yule wa tai! Juzi alikuja gereji, nikamusafishia radiateri, nikajaza. Alikuja na dawa yake mwenyewe, bwana, bido nzima ya buluu, kitu safi, hatukionagi hapa. Nyingine aliwatilia shemeji zake, gari tatu zilipanga mstari kama harusi."

Nikaacha kutafuna. "Buluu vipi?"

"Buluu buluu. Dawa ya radiateri."

"Ya kuzuia barafu."

Akanitazama kama niliyepatwa na malaria. "Barafu gani, we mama? Ni ya kuzuia injini isichemke."

Na hapo nikaelewa. Mume wangu simlaumu, alikuwa anasema anachokijua, na alichokijua ni kweli. Dawa ile ile, kule kwenye baridi inazuia maji yasigande, huku kwetu kwenye joto tunaitia kwenye radiateri injini isichemke. Bujumbura nzima inaijua kwa kazi hiyo moja. Nani ameona radiateri imeganda kwenye barabara ya Rumonge? Basi mtu anaona bido za dawa ya radiateri zimekaa bure karibu na mashine isiyo na radiateri, isiyochemka, na nje gari lake linachemka kila akipanda mlima. Mtu mwingine angesamehewa. Huyu hapana. Huyu alituambia habari za tumbo la mashine kwa mdomo wake, na bado gari lake likamfaa kuliko watoto.

Nilimfuata ofisini, mtoto kifuani, kitenge kimefungwa.

"Bwana jestionere, mule kwenye mashine umetia nini?"

"Maji, mama."

"Na dawa?"

"Dawa ipo. Ilikuwepo tangu zamani, imo ndani."

"Ukiongeza maji inapungua. Umepima?"

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha watu wa ofisini, kile kinachotoka puani. "Mama, we jishughulishe na maziwa. Ile habari ya barafu ni teori ya Wazungu, wanaandika kwa ajili ya kwao. Umeshaona barafu inaanguka Kinindo?"

"Ulisema si hewa, ni tumbo la mashine."

Alipanga karatasi zake mezani. Kisha akasema, kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi zaidi: "Mama, vitanda ni vichache hapa. Kuna wengine wanangoja nafasi. Ukiona hapakufai, ninaweza kumwambia muuguzi akuandikie kutoka."

Niliisikia Buterere nzima ikiingia ofisini mle, na maji yake. Nikaondoka. Nilikanyaga sakafu kwa hasira hata mtoto akaanza kulia, na mimi nikamwomba radhi yeye, kwa sababu pale ndani hapakuwa na mwingine anayestahili.

Haikuchukua siku nyingi. Mwenzangu wa Mutanga aliingia chumbani mbio, nepi mkononi. "Njoo uone! Mashine imeota mvi!"

Tukaenda wote, hata msichana mmoja aliyekuwa amejifungua jana yake akaja akijishika ukuta. Bomba linalorudi kutoka ardhini, pale linapoingia kwenye mashine, lilikuwa limevaa kitu cheupe, kama unga wa muhogo.

"Ni chumvi," msichana akasema.

Mwenzangu akakwangua kwa ukucha, akalamba kabla hatujamzuia. "Apana, ni baridi! Jama, ni barafu! Kinindo tumekuwa Ulaya!" Tukacheka wote. Tulicheka kweli, tunajikwangulia kila mtu kidogo kama watoto. Kisha mashine ikakohoa, ikanyamaza, na kengele yake ndogo ikaanza kulia.

Jestionere akaja. Alipoona ule weupe hakushtuka, akatabasamu. "Munaona? Inafanya kazi vizuri sana. Hata frigo yako ikifanya kazi vizuri inatoa barafu." Akabonyeza kitufe, mashine ikawaka tena. Baada ya muda ikakohoa, ikanyamaza, kengele. Akabonyeza. Aliporudi mara nyingine alikuwa na sparadra, ile plasta nyeupe ya kufungia vidonda, ameitoa kwa wauguzi. Akaibandika juu ya kengele, moja juu ya nyingine, mpaka sauti ikawa ya nzi kwenye chupa. Kisha akaenda zake.

Sakafu ikaanza kupoa. Ilipoa taratibu, kama chai iliyosahauliwa. Asubuhi ile mvua ilikuwa imepiga, upepo ulikuwa unatoka ziwani, na watu wa mji huu ambao hawajawahi kulea mtoto wa kilo moja na nusu watakwambia kwamba Bujumbura hakuna baridi. Niliishika miguu ya mwanangu. Ilikuwa kama miguu ya kuku uliyetoa kwenye maji. Muuguzi mkuu akaja na kipimo chake, akaangalia, akaangalia tena.

"Anapoa," akasema. "Na wa jirani naye. Usimtoe kifuani hata ukitaka kwenda chooni."

"Na nikienda chooni?"

"Utampa mwenzako abebe wawili."

Aliondoka kwenda ofisini, na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo tuliyasikia yote. Alimwambia awashe shodie ya mkaa, lile tangi la zamani lililoko uani, ipashe maji. Jestionere akasema haiwezekani, kesho wageni wa mradi wanakuja kuona mashine, wakikuta moshi wa mkaa itakuwaje? Mradi wote ni wa kuondoa mkaa! Wakishaenda, alisema, tutawasha hata kuni. Muuguzi akasema watoto hawajui habari za wageni. Akajibiwa, "Mama, siku moja tu. Wafunike."

Wafunike! Kana kwamba tulikuwa tumewaacha uchi kwa kusahau.

Usiku ule nililala nimekaa, mtoto kifuani, nguo zangu zote juu yetu. Alikuwa amekataa kunyonya. Muuguzi alimtilia maziwa kidogo kidogo kwa mrija, na mimi nilitazama koo lake lile dogo kuona kama linapokea. Lilipokea. Sikuomba kitu kingine.

Wageni walikuja kabla ya saa sita. Gari mbili za kioo cheusi. Mzungu mmoja mrefu mwenye kofia, vijana wawili wa kupiga picha, na aliyewaongoza alikuwa mama wa Kirundi, mtu mzima, aliyeishi Ulaya miaka mingi mpaka Kirundi chake kilikuwa kinachechemea. Jestionere alikuwa amevaa tai mpya. Bomba lilikuwa limefutwa ule weupe, nilimwona mlinzi akilifuta kwa maji ya moto. Wakasimama mlangoni mwa kijumba, na sisi wanawake tukasogea nyuma yao, maana hakuna aliyetukataza, na vijana wa picha walipenda tuonekane.

Jestionere alieleza. Alieleza ardhi, alieleza joto, alieleza tumbo. Kisha akatoa kile kifaa. "Na kila mwezi tunapima kinga dhidi ya kuganda." Akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kichupa, kile cha dawa ya kikohozi ya watoto. Ndani kulikuwa na buluu. Akadondosha tone kwenye kioo, haraka, mgongo ameipa mashine, akafunika, akampa Mzungu.

Mzungu akachungulia. "Très bien! Kumi na tano chini ya sifuri." Watu wakapiga makofi. Nawaambia, watu wazima walipiga makofi kwa ajili ya tone lililotoka kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na mashine nyuma yao inakohoa.

Nikasema, "Na tone la mashine je?"

Sikupaza sauti. Jestionere aligeuka, akanitabasamia meno yote. "Mama, rudi kitandani, mutoto atashikwa na baridi."

"Ameshashikwa. Ndiyo maana nimekuja."

Mwenzangu wa Mutanga akacheka kwa sauti, ile ya mwanamke asiyekuwa na cha kupoteza. "Na atuambie ile dawa anatibu kikohozi cha nani, cha mashine ao cha gari lake!"

Yule mama wa mradi akauliza, "Wanasema nini?"

Nikamwambia. Sikupamba. Nikamwambia lile tone limetoka mfukoni, mashine imetiwa maji ya bomba la uani, dawa iko kwenye radiateri ya gari lile pale kivulini, mume wangu ndiye aliyeitia, na bomba liliota barafu tukailamba. Jestionere alikuwa anasema, "Madame, huyu ana uchovu, wamama wakijifungua wanakuwa na mawazo mengi."  Yule mama alikuwa anaangalia kengele.

"Na hii imeumia wapi, mpaka ikafungwa bandeji?"

 Akaibandua sparadra, moja moja, na kila alipobandua sauti ilipanda. Alipomaliza kengele ilikuwa inalia kijumba kizima. Akafuta kioo cha kifaa kwa ncha ya shali yake, akafungua kile kibomba cha ubavuni, akachukua tone. Lilikuwa maji matupu, bila buluu, hata macho yaliona. Akafunika, akachungulia. Kisha akampa jestionere kifaa.

"Soma wewe."

Alichungulia muda mrefu. Jasho lilimshuka kwenye tai mpya.

"Soma kwa sauti, bwana, na wamama wasikie."

"Sifuri," akasema. Aliisema kwa Kifaransa, kama vile kwa Kifaransa ni kubwa zaidi.

Mashine ikazimwa papo hapo. Muuguzi mkuu hakusubiri kuambiwa. Alikuwa ameshafika uani na gunia la mkaa, anapuliza kwenye shodie, moshi unapanda mbele ya kamera za mradi, na mlinzi anakimbia na ndoo. Chupa za maji ya moto zikaja, tukazivika soksi, tukawapanga watoto katikati yake. Chumba kilinuka moshi, macho yalituwasha. Nilikuwa sijawahi kupenda moshi namna ile. Kabla jua halijaenda upande wa Congo, mwanangu alitafuta titi mwenyewe, akalikamata kwa hasira, akavuta.

Yule mama wa mradi alikuja kitandani kwangu na kijana wa picha. Alitaka kunipiga picha na mtoto. Akasema mimi ni mfano wa jamii inayoshiriki kulinda mradi wake. Nilimwambia sikulinda mradi wa mtu. Nilimwambia ninyi mlileta mashine ya nchi ya theluji, mkaiachia mtu mmoja mwenye gari linalochemka, mkampa yeye mwenyewe kifaa cha kujipima, mkaenda. Mlitegemea nini? Alisema nina haki ya kukasirika. Nilimjibu kwamba sikumuomba haki hiyo, na kijana wa picha afungue mlango atoke, baridi inaingia. Akatoka. Yule mama akabaki kidogo, akamwangalia mtoto, kisha naye akatoka.

Mafundi walikuja wakafungua mashine. Mwenzangu alikwenda kuchungulia akaniletea habari: ndani palikuwa na barafu laini, kama ile wanayouziwa watoto wa shule ikiwa na rangi nyekundu, na kile chuma cha tumboni kilikuwa kimevimba. Hakijapasuka. Fundi alisema kingepasuka baada ya siku chache tu, na mashine ingekuwa chuma chakavu. Wakatia dawa mpya. Wakapima mbele yetu, tone kutoka ubavuni mwa mashine, na kila mama aliyetaka alichungulia. Mimi nilichungulia mara mbili.

Mtaniuliza jestionere alifanywaje. Hakufanywa kitu. Walimwandikia maneno, nasikia, na alipewa semina. Gari lake lilizidi kwenda vizuri, hata mume wangu alikiri kwamba injini ile haichemki tena. Kwa muda alipita kwenye chumba chetu akitazama dari. Kisha akasahau, kama wanavyosahau, na akaanza kutusalimia tena, na siku moja nilimsikia uani akiwaeleza wanawake wapya habari za tumbo la mashine.

Mwanangu alinenepa. Muuguzi alimgeuza huku na huku kama anayechagua samaki, akasema, "Haya, nendeni. Lakini si Buterere." Tulikwenda kwa shangazi wa mume wangu, Buyenzi, kwenye chumba kimoja chenye sakafu kavu, na bado tunakaa hapo hadi leo, tukigombana naye juu ya redio yake.

Siku ya kutoka, nilikuwa nimeshafika getini, mume wangu amebeba mfuko, mwenzangu wa Mutanga ananiaga kwa kunikumbatia na mtoto katikati. Jestionere akatokea. Alikuwa mchangamfu. "Mama mkali! Hatimaye unatuacha! Hebu nimuone huyu shujaa wetu." Akanyoosha kidole chake kumgusa mwanangu shavuni.

Nikamshika mkono hewani, kabla haujafika.

"Kanawe kwanza," nikamwambia.

Alidhani natania, akacheka kile kicheko cha puani. Sikuuachia mkono wake. Mlinzi alikuwa anatazama, mwenzangu anatazama, wanawake wawili wenye matumbo waliokuwa wanaingia wakasimama. Jestionere akaacha kucheka. Akageuka, akaenda mpaka kwenye bomba la uani, akainama, akajipaka sabuni, akasugua mpaka kwenye vifundo. Sisi hatukumngoja.